Mshono Uliopinda Kwenye Kiti cha Nyuma

1418 Mtaa wa Burdick,
Flint, Michigan.
Jumapili, 17 Aprili 2016.

Mpendwa dada yangu Marlene,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tucson, na kwamba goti lako limetulia tangu walipolichoma sindano. Shemeji Walt anaendeleaje na presha yake? Mwambie apunguze chumvi, ingawa najua hatapunguza. Sisi huku tupo. Theluji ilirudi wiki iliyopita, wakati nilishalirudisha koleo stoo na kujidanganya kwamba msimu umekwisha, nikalitoa tena.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unaniuliza kama Doreen hajambo, nami nakujibu hajambo, kisha tunahamia kwenye hali ya hewa ya Arizona. Ninayotaka kukueleza leo hayaenei kwenye simu zetu. Kaa chini, weka kahawa, uisome polepole.

Wifi yako anakula na analala. Mguu wa kulia umeanza kumtii kidogo, anatembea na mkongojo kutoka kitandani hadi jikoni. Mkono wa kulia bado. Maneno ndiyo yaliyokwama. Tangu kiharusi kile cha Novemba amebaki na ndiyo, hapana, na Pickles, ambalo ni jina la mbwa, na sasa ndilo jina langu pia. Akiita Pickles tunakwenda wote wawili, na mara nyingi anayetakiwa ni mbwa.

Mimi nimechoka, dada. Nalisema hivyo hivyo, maana nikilizunguka nitachoka zaidi. Namwogesha, namvalisha, napika, nampeleka mazoezini mara tatu kwa wiki, nafua, na bega langu la kushoto, lile lililoharibika kwa kuinua milango kiwandani miaka yote ile, linauma kila nikimsaidia kunyanyuka. Binti yetu Paula anakuja kutoka Grand Rapids kila Jumamosi ya pili, lakini ana watoto na ana kazi, na akifika natumia muda wote kulala kwenye kochi.

Mwezi wa pili yule dada anayemfundisha kusema upya aliniita pembeni. Aliniambia mazoezi peke yake hayatoshi, lazima Doreen awe na kitu anachokitaka mwenyewe, la sivyo ataishia hapo alipofika. Akaniuliza, "Mke wako anataka nini?" Nilikunja koti lake mkononi, nikalikunjua, nikalikunja tena. Wakati wa Kwaresima tulijaribu kumpeleka kula samaki wa Ijumaa kanisani, mahali ambapo amekaa meza ileile miaka arobaini. Alishika fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto akasema hapana, hapana, hapana, mpaka Paula akaanza kulia. Hataki watu wamwone. Kwa hiyo, ukiacha hospitali, hajatoka nje ya nyumba hii tangu Novemba.

Basi nikanunua gari.

Usiniambie nina wazimu, Paula ameshaniambia. Ni Tamarack ya mwaka sabini, nyekundu, milango miwili, silinda nane. Ile ile. Unakumbuka tulivyokuwa tukiyatengeneza, wewe na Doreen mkishona viti ghorofani na mimi nikifunga milango chini, halafu jioni tunapanda gari la baba linalovuja mafuta njia nzima. Doreen aliitaka Tamarack nyekundu tangu siku ya kwanza nilipomjua. Tukanunua gari la familia, la mtumba, kisha Paula akazaliwa, kisha kiwanda kikafungwa, na habari ya Tamarack ikaisha bila mtu kuifunga.

Mpango wangu ni huu. Agosti, siku ile magari ya zamani yanapopita kwenye matofali ya Mtaa wa Saginaw, nataka Doreen awe amekaa ndani ya gari lake na watu wamwone. Akikubali kutoka kwa ajili ya gari hili, atakubali kutoka kwa mengine. Asipokubali, sijui nijaribu nini tena, na hilo ndilo linalonikosesha amani.

Sasa ucheke kidogo. Gari nimelinunua kwa mjane mmoja karibu na Lapeer. Unajua hapa Michigan mtoto wa miaka kumi anajua kwamba ukienda kuangalia gari la zamani unabeba sumaku iliyofungwa kwenye soksi. Unaipitisha kwenye bodi, na pale isipong'ang'ania ujue chuma kimeliwa na chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha theluji, na mtu amejaza puti akapaka rangi. Nilikuwa nayo mfukoni. Lakini yule mama alinikaribisha kahawa na pai ya cheri, akanionyesha picha ya marehemu mume wake akiliosha hilo gari, na mimi nikaona aibu kuchomoa soksi mbele ya picha ya marehemu. Nikatoa hela, nikaondoka.

Ozell Pritchett unamkumbuka, yule mrefu wa kwenye injini aliyekuwa akiimba besi kanisani kwao. Ndiye anayenisaidia, na gari liko kwenye gereji yangu hapa nyuma ya nyumba. Siku ya kwanza aliingia chini yake na tochi, kisha nikasikia sauti kutoka huko chini.

"Len, umefanya kazi kiwandani miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Na umenunua gari bila sumaku."

"Sumaku nilikuwa nayo, bwana. Ilikuwa mfukoni."

"Mfukoni ilikuwa inakagua nini, nepi yako?"

Akatoka na kipande cha sakafu mkononi. Kilikuwa chekundu upande mmoja na upande wa pili unga mtupu. Akakiweka juu ya benchi, akajifuta mikono, akasema haya, tuandike kilicho kizima kwanza maana orodha yake ni fupi.

Sakafu yote ya mbele inabidi ikatwe na kuchomelewa upya. Panya wamekula waya za taa. Kabureta limejaa gundi ya petroli ya zamani. Injini yenyewe, namshukuru Mungu, ni nzima. Ozell aliizungusha kwa mkono akatabasamu, na unajua yeye si mtu wa kutabasamu ovyo. Gia nazo ziko sawa. Hayo ni matengenezo ya kawaida na tungeyafanya hata kama gari lingekuwa la kuchezea.

Kazi kubwa ni ya Doreen. Kiti cha mbele kiko chini mno, kama beseni, na kwa mguu ule akiingia hatoki. Ozell alichora nyuma ya karatasi ya ratiba ya ibada: kiti kinachogeuka kutazama nje, mshikio wa chuma juu ya mlango, mkanda wa kisasa unaopita begani. Breki za zamani zinataka ukanyage kama unaua nyoka, kwa hiyo tuweke breki za diski. Stering nayo iwe ya pawa, kwa sababu ya bega langu. Kiti kile kinachogeuka kinahitaji kutoboa sakafu mpya na kuweka chuma ambacho kiwanda hakikukiweka kamwe. Kwangu halikuwa tatizo. Mchoro niliubandika kwenye friji, nikajisikia nina kazi inayoeleweka kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi yaanze.

Kisha akaja Curtis Haan. Huyu alikuwa mkaguzi, yule aliyetembea na kalamu ya nta ya njano akitia alama kila gari. Siku hizi ni mkubwa kwenye klabu ya magari ya zamani, na ndiye anayepanga yapi yasimame mstari wa mbele Agosti. Alizunguka Tamarack mara tatu akiwa amefunga mikono nyuma. Akafungua boneti, akaikuta alama yake mwenyewe ya njano, bado ipo, na machozi yakamlengalenga. Nami nilimhurumia, siwezi kusema uongo.

Akaniambia, "Len, tafuta karatasi."

Unajua ile karatasi ya maagizo ya kila gari, ambayo watu wa viti waliichomeka kwenye springi ili isizagae sakafuni. Kwetu ilikuwa takataka. Sasa watu wanafumua viti vizima kuitafuta, kwa sababu ndiyo inayothibitisha gari lilitoka kiwandani na injini gani na rangi gani. Gereji ina baridi na taa yake ni mbovu, kwa hiyo nilikibeba kiti cha nyuma nikakiingiza jikoni, nikakipindua juu ya meza. Doreen alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anaangalia theluji, hakugeuka. Karatasi ilikuwepo. Panya walikuwa wameanza pembeni tu.

Curtis aliisoma kwa kioo cha kukuzia. Namba zote zinalingana, za injini, za gia, za bodi. Aliikunja kwa adabu, akaniangalia kama padri.

"Mzee, usiguse hata skrubu. Sakafu uichomelee kwa vipande vya mtindo uleule, basi. Yaliyobaki yabaki kama yalivyotoka."

"Hata breki?"

"Hata breki. Hata lile tone la rangi lililokaukia chini ya boneti usilifute. Siku hizi watu wanawaajiri mafundi wawatengenezee matone kama lile."

Ozell akamwuliza kama na mavi ya panya yabaki, maana nayo ni ya zamani. Curtis hakucheka. Alisema tukitoboa sakafu ile kwa ajili ya kiti cha kuzunguka, hatalipa nafasi mstari wa mbele, na nafsi yake haitamruhusu hata kuja kuliona.

Dada, niliyumba. Wewe utanielewa. Mimi nilifunga milango ya magari yale. Yamebaki machache sana, mengine yote yameliwa na chumvi au yamekwenda kusagwa, na hili moja limenifikia mimi na karatasi yake. Upande mmoja kuna kitu tulichokitengeneza kwa mikono yetu, kizima, kama kilivyotoka. Upande wa pili kuna Doreen, ambaye hajasema hata kwamba analitaka gari lenyewe. Nilipolileta nilimsogeza dirishani alione likishushwa kwenye lori. Alilitazama, akasema Pickles, akafumba macho. Nilikaa wiki nzima sijashika spana. Mchoro wa Ozell niliugeuza ukatazama friji.

Kiti kilibaki jikoni kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukirudisha. Jumatatu, nikimngojea Doreen amalize uji wake, nikawa nakichezea tu, nikageuza ngozi ya kiti ndani nje. Chini ya pindo nikakiona kile kitambaa kidogo cheupe, kibandiko chenye namba ya mshonaji. Wino umefifia. Ilisomeka mbili, na tarakimu ya pili ilikuwa doa la kutu.

Namba ya Doreen ilikuwa ishirini na saba. Hilo silisahau, nilikuwa nikiiona kwenye aproni yake kila siku saa ya chakula kabla sijapata ujasiri wa kumsalimia. Nikasema kimoyomoyo kwamba Mungu amenikumbuka, katika magari yote nimeletewa aliloshona mke wangu. Nikakiburuta kiti hadi magotini pake, nikapiga magoti na mimi, mzee wa miaka sitini na tisa, nalia kwenye vigae vya jikoni.

"Doreen," nikamwambia, "tazama, mpenzi. Ni kazi yako. Umekishona wewe."

Akauleta mkono wa kushoto. Hakuangalia kiti, aliangalia ukutani, akapitisha kidole gumba juu ya mshono kutoka mwanzo, polepole, kama mnavyofanya nyinyi watu wa cherehani. Kidole kilikwenda, kilikwenda, kikafika karibu na kona, kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo. Kikapita tena mahali palepale.

"Hapana," akasema.

Nikamwambia ndiyo, mpenzi, tazama namba.

"Hapana." Na baada ya muda, akivuta kila neno kama anatoa msumari, "Sio yangu."

Dada, hayo ni maneno ambayo hakuwa nayo. Akaushika tena ule mshono pale ulipoacha njia yake, akanitazama usoni, na midomo yake ikahangaika sana. Kisha akasema, "Marlene." Akapumua. "Umepinda."

Halafu akacheka. Upande mmoja wa uso unacheka na mwingine unangoja, lakini ni kicheko chake chenyewe, kile cha puani. Sijakisikia tangu Novemba.

Ndiyo, dada yangu. Namba yako ilikuwa ishirini na nne. Na usijitetee, sote tulijua ulikuwa ukificha miwani kwenye mfuko wa aproni kwa sababu ya yule msimamizi mwenye nywele za mawimbi. Doreen ndiye aliyekuwa akikurudia mishono yako saa ya chakula, sandwichi mdomoni, ili usiitwe ofisini. Baadaye niliichukua ile karatasi nikaangalia tarehe ambayo Curtis aliisoma mara mbili na mimi sikuisikia. Gari lilitoka kiwandani tarehe 14 Mei 1970. Sisi tulioana Jumamosi ya tarehe tisa, na wiki ile yote tulikuwa kule kwenye kibanda cha mjomba kando ya Ziwa Huron, mvua ikinyesha. Ulikuwa peke yako pale mezani, huna wa kukurudia. Kwa hiyo kikapita hivyo hivyo, na kimepinda miaka arobaini na sita.

Tangu siku ile kiti hakitoki jikoni. Asubuhi anakionyesha kwa kidole kabla ya chai. Jumanne alisema "taa," nikamsogezea taa. Jumatano aliniambia "droo," nikafungua droo moja baada ya nyingine mpaka akaitikia kwa kichwa kwenye ya vifaa vyake vya kushonea, na humo akachagua kile kiuma kidogo cha kufumulia nyuzi. Nilidhani anataka kukishika tu. Nikaenda kuweka nguo kwenye mashine. Niliporudi alikuwa ameshafumua urefu wa kiganja, kwa mkono wa kushoto, kiti amekibana kwa goti zima, ulimi umetoka pembeni.

Curtis alikuja Alhamisi kuleta picha za gari jingine la namna ile. Akamkuta Doreen kazini. Alibaki amesimama na kofia mkononi, rangi imemtoka.

"Mama," alisema kwa upole sana, "huo ni mshono wa kiwandani."

Doreen hakuinua kichwa. Akasema, "Mbovu."

Curtis alinitazama mimi, akamtazama yeye, akavuta kiti akakaa. Muda si mrefu aliuliza kama kuna kahawa. Alipoondoka alipita mbele ya friji, akaukuta mchoro umegeuzwa, akaugeuza ukatazama mbele. Sijui kama amenisamehe. Ijumaa Ozell alileta mashine ya kukatia, tukakata sakafu. Breki za diski nimeshaziagiza, na stering pia. Kama hatatupa mstari wa mbele, tutapita nyuma na magari mengine yenye dhambi.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Jana asubuhi Doreen alisimama mwenyewe, akachukua mkongojo, akaenda hadi mlango wa nyuma, akangoja nimfungulie. Hatua ishirini na mbili hadi gereji, nimezihesabu, juu ya theluji inayoyeyuka, mimi nyuma yake na mikono imenyooshwa. Ozell alizima mashine akavua kofia. Doreen alilitazama gari, akapitisha mkono kwenye mlango, akachungulia ndani. Nikamwonyesha mahali kiti chake cha kugeuka kitakapokaa. Nikamwuliza kama Agosti atapanda na mimi.

Akaangalia nyuma, kule kulikobaki tupu. "Kiti," akasema. Nikamwahidi nitampelekea yule fundi wa viti wa Burton, ni hodari, atakishona kwa siku moja. "Hapana." Mimi nikauliza sasa nani, mpenzi, maana mkono wako bado na mimi hata kifungo sijui kushona. Akanikasirikia kama zamani, ile hasira ya kushangaa kwamba nimeishi miaka yote hii na bado ni mjinga.

"Marlene," akasema. "Arudie."

Ozell aligeukia ukutani akajifanya anatafuta spana.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo, dada. Hatapanda mpaka kiti kirudi, na kiti hakirudi mpaka mshonaji wake aje akirudie. Cherehani kubwa iko kwenye chumba cha chini ya nyumba, nimeitia mafuta. Uzi mwekundu tunao. Ukiweza kuja mwezi wa sita ni vizuri, kabla ya joto.

Naomba nikuambie na jingine ambalo limekaa kifuani. Hukuja Novemba, hukuja Krismasi, ukasema ni goti. Goti lilianza Januari, Marlene. Sikulaumu, najua ni woga. Unaogopa utaingia jikoni kwangu umkute mtu mwingine kwenye kiti cha Doreen. Mimi naishi naye na niliogopa hivyo hivyo, kuna siku nilikuwa nakaa ndani ya gari mbele ya nyumba nikishindwa kuingia kwangu. Lakini aliyepitisha kidole kwenye mshono wako akapaona ulipokosea alikuwa Doreen mtupu, hakupungua hata uzi. Anakukumbuka kuliko anavyonikumbuka mimi. Mimi bado ni Pickles.

Na mimi nakuhitaji, nalo nalisema. Nataka mtu akae na mke wangu wamseme mtu mwingine, nami nilale mchana mzima bila kusikiliza kama ameanguka.

Nisalimie shemeji Walt, mwambie chumba cha juu kina televisheni na hatasumbuliwa na mtu. Wasalimie Kathy na Doug na watoto wao. Paula anakusalimu, na Ozell, na hata Curtis, aliyeomba ujue kwamba hana kinyongo na wewe kwa kukipitisha kiti kile, ingawa mkaguzi wa siku ile alikuwa yeye mwenyewe. Mungu awatunze njiani na nyumbani, awape macho ya kuona na magoti ya kupanda ngazi zangu.

Ni mimi ndugu yako niliyechoka, ninayekupenda vilevile,

Leonard

Nilikuwa nimeshafunga barua, Doreen akaidai kalamu. Hizo herufi hapo chini ameziandika yeye kwa mkono wa kushoto, zimemchukua tangu chai ya asubuhi hadi saa sita. Zimepinda, lakini usimcheke. Wewe ulipinda ukiwa na mkono mzima.

MARLENE
LETE MIWANI